Nyumba ya Mama Imehama Tena

Simu ya kaka ilimkuta Milimita karakanani, ameinamia mchoro, penseli mdomoni.

"Mama yuko wapi?" kaka aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Si yuko kwako?"

"Hayupo. Na nyumba yake haipo. Nimerudi nimekuta vinguzo vya zege na majani yaliyopauka."

Milimita akaitoa penseli mdomoni. Alijua anapaswa kumwonea kaka yake huruma, na akajitahidi kweli, lakini kicheko kilikuwa kimeshamfika kooni. Mwanamume mzima, mwenye kitambi na duka la vifaa vya umeme, ameondokewa na mama pamoja na paa lake mchana kweupe.

"Mmekosana?"

"Hatujakosana. Wifi yako alisema tu kwamba mchuzi wa Mama umezidi chumvi."

"Basi mpigie dada," alisema Milimita, na kukata simu haraka kabla hajaangua kicheko.

Kweli, Mama alikuwa kwa dada. Nyumba ilikuwa imeshasimama nyuma ya nyumba ya dada, mapazia yametundikwa, na Mama mwenyewe amekaa barazani na kikombe cha chai, anawasalimia wapita njia ambao walikuwa hawajamaliza kushangaa. Dada, mkunga aliyezoea kuwaamrisha hata madaktari, alirudi kutoka zamu akakuta mama mzazi ameota uani kwake kama uyoga.

Haya yote aliyataka Milimita mwenyewe, wala asitafutwe mwingine wa kulaumiwa. Kazi yake ilikuwa kubuni nyumba zinazosafiri. Pale karakanani walitengeneza vyumba vizima vizima, fremu za chuma na kuta za paneli, vikiwa na nyaya, mabomba, madirisha na vitasa vyake. Kisha lori lenye winchi lilivibeba hadi kiwanjani, na mafundi wakaviunganisha kwa bolti. Asubuhi kiwanja kitupu, jioni mtu anaanika nguo. Wateja wake walikuwa wajenzi wa barabara wanaohamahama, zahanati zisizoweza kusubiri matofali, na watu waliokodi ardhi ambao hawakutaka kumwachia mwenye ardhi nyumba ya bure. Jina la Milimita alibandikwa na kaka na dada tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akigawa mkate kwa rula.

Baba alipofariki, nyumba ya zamani ilimzidi Mama ukubwa, na paa lake lilikuwa limeoza. Wakubwa wawili wakaanza kusukumiana Mama kwa adabu. Kaka alisema kwa dada kuna hewa nzuri. Dada alisema kwa kaka kuna nafasi. Milimita hakuulizwa. Alikuwa kitinda mimba, aliishi peke yake, na katika ukoo ule mwanamke anayeishi peke yake alihesabiwa kuwa bado yumo mbioni kukua, hata kama mvi zimeshaanza kumchungulia.

Mama naye hakutaka kusukumwa. "Nikalale chumba cha wageni kwa wanangu mwenyewe? Niombe ruhusa ya kufungua kabati? Hapana. Mimi nina kitanda changu, sufuria zangu na ukali wangu, na vyote vinataka nafasi."

Milimita alimtaka Mama. Alimtaka kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine, maana nyumba yake ilikuwa nadhifu na kimya, na kile kimya kilikuwa kimeanza kumuudhi. Lakini kulisema jambo hilo wazi kulimshinda. Alichoweza ni kuchora, basi akachora. Alimbunia Mama nyumba ya vipande vitatu: sebule pana ya kutosha wajukuu wote, jiko lenye baraza, na chumba chembamba cha kulala chenye bafu lake. Mabomba yaliungwa kwa koki za kugeuza kwa mkono, umeme kwa plagi moja nene, na bolti zote zilifunguliwa kwa spana ya aina moja. Alijitapa mbele ya familia nzima kwamba nyumba ile itahama bila hata kikombe kupasuka. Mama atakaa kwa kaka, halafu kwa dada, halafu kwake. Alijiweka mwisho kwa adabu, na pia kwa sababu kitu kitamu yeye hukiacha mwisho.

Alichosahau ni kwamba Mama alikuwa na masikio, na namba ya simu ya Winchi.

Winchi ndiye aliyeendesha lori la karakana, bwana mpole mwenye mikono minene, aliyezaliwa na jina jingine ambalo hakuna aliyelikumbuka. Mama alimpikia mara moja tu, siku ya kwanza ya kuhamisha, na tangu hapo Winchi akawa wake. Alipoulizwa kwa nini amembeba Mama bila kuagizwa, alijibu kwamba alikuwa anaijaribu mashine.

Basi, Mama akiwa kwa dada, zamu inayofuata ilikuwa ya Milimita. Jumamosi moja aliamka na furaha, akachukua tepu na kamba kwenda kupima mahali pa kuweka vinguzo uani kwake. Akapima. Pakatosha, pakabaki na nafasi ya bustani. Ndipo akatoka nje, akasimama kwenye mdomo wa kichochoro chake, kati ya kona ya nyumba ya fundi cherehani na ukuta wa tangi la maji la mtaa, na roho ikamruka.

Kwa kaka alikuwa amepima geti, kona ya barabara na urefu wa nyaya. Kwa dada alipima mpaka matawi ya mti. Kwake hakupima, kwa kuwa alipita pale kila siku ya Mungu na hakuwahi kukwama. Sasa akainyoosha tepu. Akainyoosha tena. Akahamia upande wa pili na kupima kuanzia huko, labda kichochoro kingemwonea haya. Kilikuwa kimepungua kiganja kimoja. Sebule haipiti, jiko halipiti, na kunyanyua kwa winchi juu ya ukuta hakuwezekani, maana nyaya za umeme zilikatiza juu kama kamba za kuanikia nguo.

Fundi cherehani alimchungulia dirishani. "Unatafuta nini, jirani?"

"Akili," Milimita alijibu, na akaingia ndani.

Ili uelewe ukubwa wa balaa lenyewe, lazima ujue kuhusu kochi la kaka. Zamani kaka alinunua kochi ambalo halikuingia mlangoni, likabidi likatwe miguu, kisha mgongo, mpaka likawa benchi. Milimita alikuwa amekisimulia kisa hicho kwenye kila harusi, kila kikao na kwa kila mteja, na kila alipokisimulia alilizidishia kochi urefu. Sasa yeye, mtu wa kupima mpaka mkate, alikuwa amembunia mama yake mzazi nyumba isiyoingia kwake. Kaka angelisikia hilo, angekodi spika.

Hapo Milimita akafanya jambo ambalo halikumpa sifa, ingawa alilifanya kwa ustadi mkubwa. Alimpigia dada, akamwambia kwa sauti ya siri kwamba Mama hajawahi kulala usingizi mzuri kama anaolala kwake. Akampigia kaka, akamwambia kwamba Mama hana raha, anamtajataja yeye tu, mzaliwa wake wa kwanza. Wote wawili wakavimba vichwa. Kaka akapeleka televisheni mpya. Dada akajibu kwa mapazia na zulia. Wale waliokuwa wakisukumiana mama sasa wakaanza kunyang'anyana, na zamu ya Milimita ikapita bila mtu kuikumbuka.

Cha ajabu, Mama alimsaidia bila kuombwa. Dada alipomwagiza alale baada ya chakula cha mchana kama mgonjwa, Mama aliitikia vizuri, akasubiri dada aende kazini, akampigia Winchi. Jioni alikuwa kwa kaka, pamoja na mapazia na zulia. Kwa kaka alikaa mpaka mjukuu alipomfundisha namna ya kushika rimoti. Kesho yake akawa kwa dada, pamoja na televisheni. Nyumba iliruka huku na huku ikapita mitaa yote ya mji, isipokuwa mtaa wa Milimita. Mama akiulizwa zamu sasa ni ya nani, alijibu kwamba yeye si mwalimu wa hesabu.

Milimita alipaswa kufurahi, maana siri yake ilikuwa imefunikwa vizuri. Hakufurahi hata kidogo. Kila mara simu ilipolia na kaka au dada kutangaza kwamba nyumba ya Mama imehama tena, alicheka pamoja nao, kisha akakaa jikoni kwake akiangalia ua ulio mtupu. Kwa kaka Mama alirudi, licha ya chumvi. Kwa dada alirudi, licha ya kulazwa kama mtoto. Kwake yeye, ambaye hakumkosea lolote, Mama hakuwahi hata kugusia kuja. Kumbe Mama hanitaki, aliwaza, na wazo hilo lilimuuma kuliko kochi zima.

Mambo yalichacha Jumapili moja, wote walipokutana kwenye sebule ya Mama, ambayo wakati huo ilikuwa kwa dada. Mama alikaa kwenye kiti chake na sinia la mchele mapajani, akichambua polepole. Kaka alikohoa na kufungua kikao ambacho hakuna aliyekiitisha.

"Mimi ndiye mkubwa," alisema. "Huku kuhamahama kutamchosha Mama. Akae kwangu moja kwa moja."

"Mkubwa wa nini?" dada akadakia. "Alikukimbia kwa sababu ya chumvi. Mimi nina utaalamu wa kumtunza."

"Utaalamu wa kuzalisha. Mama anazaa?"

"Anabaki hapa hapa, nimesema."

"Na mimi nimesema anaondoka."

Walibishana mpaka wakaishiwa, kisha, kama kawaida ya wagombanao, wakatafuta mtu wa tatu wa kumgeukia. Dada ndiye aliyeanza.

"Na wewe, Milimita? Zamu yako imepita mara ngapi? Hujawahi hata kuuliza."

"Kweli bwana," kaka alisema, na safari hii hakuwa na utani. "Nyumba umebuni wewe, maneno mazuri kwenye simu unayo wewe, lakini Mama anazunguka kwetu tu. Sema wazi. Hutaki kuishi naye?"

Milimita akamtazama Mama. Mama alikuwa ameinamia mchele wake, kidole kinawinda kijiwe. Njia zilikuwa mbili tu na zote mbaya. Akinyamaza, ataonekana mtoto asiyemtaka mama yake, na pengine Mama mwenyewe ataamini. Akisema, atachekwa mpaka kaburini, na siku ya mazishi kaka atapima jeneza mbele za watu.

Hakufikiri sana. Alishangaa baadaye jinsi ambavyo hakufikiri sana.

"Namtaka," alisema, na sauti ilimtoka nzito. "Namtaka kuliko ninyi nyote wawili. Sikilizeni niwaambie ukweli. Kile kichochoro changu..."

Sinia likaanguka. Mchele ukamwagika sebule nzima, ukaingia chini ya viti, ukaingia kwenye zulia la dada.

"Tazameni mlivyonishtua kwa makelele yenu," Mama alisema. "Haya, okoteni. Wote. Na wewe, baba, kitambi kisikuzuie kuinama."

Watu wazima watatu wakapiga magoti kuokota mchele, punje kwa punje, kama walivyokuwa wakifanya wakiwa watoto watukutu. Mama aliwaacha hivyo mpaka akaridhika.

"Sasa," alisema juu ya vichwa vyao, "nimesikia jinsi mnavyonipenda, mpaka masikio yananiwasha. Sitaki tena neno zamu humu ndani. Kesho Winchi atakuja, na nitawagawia. Kila mtu atapata chake, na asiyeridhika aje aniambie mimi, nikiwa nimeshiba."

Hakusema atagawa nini, na ukali aliosema nao haukuruhusu maswali. Milimita alijaribu kumfuata jikoni akaambiwa aende akalale.

Kesho yake hakuweza kazi. Aliamini lori litakuja na sebule mgongoni, litakwama mbele ya fundi cherehani na wateja wake wote, na kaka atakuwa nyuma yake anapiga picha. Kabla ya mchana alikuwa amesimama mdomoni mwa kichochoro, tayari kulizuia lori kwa mikono miwili na kutubu hadharani.

Lori likakata kona polepole. Mama alikuwa amekaa mbele kando ya Winchi, mkoba mapajani, kama mkaguzi wa serikali. Mgongoni kulikuwa na kipande kimoja tu, kile chembamba, chumba cha kulala. Winchi akageuza, akarudi kinyumenyume, kioo hiki, kioo kile, na chumba kikaingia kichochoroni taratibu, kikapita kwenye kona ya fundi cherehani bila kukwaruza hata rangi. Fundi cherehani mwenyewe aliacha kushona ili atazame.

Nyuma lilifuata gari la kaka, na dada amo ndani, wote wawili wanang'aa nyuso.

"Mimi nimepewa jiko," kaka alitangaza kabla hajashuka vizuri. "Jiko zima, na baraza lake. Mama amesema atakuja kunipikia akijisikia."

"Mimi sebule," alisema dada. "Na viti vyote. Amesema hiyo ndiyo sehemu ya heshima." Kisha akaiona sura ya mdogo wake, akamwekea mkono begani, akashusha sauti. "Usisononeke. Wewe ni mdogo, na huna familia ya kujaza sebule. Chumba nacho ni kitu."

"Ni kitu," Milimita aliitikia. Alikuwa ameuma mdomo wa chini kwa ndani, kwa nguvu.

Wakampigapiga mgongo kwa huruma, wakaondoka haraka, kaka akiwa na hamu ya kwenda kupanga masufuria. Hakuna kati yao aliyekuwa amejiuliza Mama atalala wapi.

Winchi alipomaliza kukiketisha chumba juu ya vinguzo uani na kukaza bolti alimuaga Mama, akamkwepa Milimita macho, akawasha lori. Milimita akaingia chumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani, anavua viatu.

"Ulijua," Milimita alisema.

"Nilijua nini?"

"Mama."

Mama akakiweka kiatu kando. "Winchi habebi kitu kabla hajaiona njia. Siku ile ya kwanza kabisa alizunguka kwenu wote watatu. Wewe hakuthubutu kukuambia, ungemla mzima. Akaniambia mimi."

"Kwa hiyo tangu ulipokuwa kwa kaka..."

"Nilikuwa najua. Nikaona nizivuruge hizo zamu mapema, zikishavurugika hakuna anayekumbuka ni ya nani."

"Na mchuzi?"

"Mchuzi ulikuwa na chumvi kweli. Niliutia mwenyewe. Maskini mkwe wangu, ana ulimi mzuri yule, aligundua kijiko cha kwanza tu."

Milimita alicheka, na katikati ya kicheko akakuta macho yamejaa machozi. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani. "Kwa nini hukuniambia? Mimi nilidhani hutaki kuja kwangu."

"Ningekuambia, ungekwenda kuvunja kona ya nyumba ya watu. Nakujua. Na kaka yako angepata la kusema mpaka nizikwe." Mama akakikunja kitambaa chake cha kichwa, akakikunjua. "Halafu na mimi nilikuwa nasubiri. Ulinibunia nyumba, ukanibunia zamu, ukanibunia mpaka mahali pa kutundika taulo. Lakini kusema unanitaka, hukusema. Nikajiambia, mtoto huyu huenda anatimiza wajibu tu. Mpaka jana ulipofungua mdomo mbele ya wale wawili, ukawa tayari kuchekwa."

"Ukamwaga mchele."

"Nikamwaga mchele. Nilichotaka kusikia nilikuwa nimeshakisikia. Kichochoro hakiwahusu." Akajinyoosha kitandani na kufumba macho. "Wao nimewagawia vyumba. Kwako nimekuja mwenyewe."

Milimita alibaki pale sakafuni, nje cherehani ya jirani inakwenda na kusimama, na kwa muda mrefu hakutaka kitu kingine chochote duniani.

Mama akafumbua jicho moja. "Ila kitanda kimeinamia upande wa kichwa. Damu yote inanishukia utosini. Ulipima kweli hapa?"

"Nilipima, Mama."

"Kapime tena."

Milimita akafuta uso kwa kiganja, akaenda kuchukua pimamaji, akailaza sakafuni kando ya kitanda. Kiputo chake kilikuwa kimekimbilia pembeni kabisa. Akatoka nje kutafuta kigae cha kuwekea chini ya kinguzo, na ndani akamsikia mama yake akicheka peke yake.